Shaba ya Babu, Bodi ya Mjukuu

Kwenye kipindi cha wiki hii nilisema historia ya bodi yangu ya kijani inaanzia Lubumbashi. Mwenzangu akacheka, muda ukaisha, tukaendelea na mengine. Basi hapa naieleza polepole.

Jumapili moja Baba alikuja kwangu Anderlecht akaikuta bodi hiyo mezani. Nilikuwa nimekwaruza rangi yake kwa kisu ili nikate njia moja niliyoikosea, na pale palipokwaruzwa pakang'aa wekundu. Baba akaisogeza dirishani.

“Mutoto, hii si njo mukuba?”

Mukuba ni shaba kwa wazee wa Katanga. Nikamjibu, ndiyo Baba, ni shaba. Akauliza: “Inatoka kwetu?” Sikuwa na jibu, na swali hilo halijaniacha mpaka leo.

Tuanze na bodi yenyewe. Zamani ukifungua redio ulikuta waya zimesukwa ovyo, kila moja imeunganishwa kwa mkono. Mwaka 1936 mhandisi Myahudi wa Vienna, Paul Eisler, alihamia London wakati mambo yakizidi kuwa mabaya kwa Wayahudi wa kwao. Akiwa katika chumba cha kupanga huko Hampstead, alitengeneza redio ambayo badala ya waya ilikuwa na njia za shaba nyembamba zilizobandikwa kwenye ubao usiopitisha umeme. Aliomba hataza mwaka 1943. Wakati wa vita Wamarekani walitumia saketi za kuchapwa katika fyuzi za mizinga ya kutungulia ndege, na baada ya vita bodi za kuchapwa zikaingia kwenye redio na televisheni za nyumbani.

Mbinu ya msingi bado ni ileile: unachukua ubao wenye ngozi ya shaba, unafunika njia unazozitaka, kisha kemikali inakula shaba iliyobaki. Bodi ya tabaka mbili ina shaba juu na chini, na matundu madogo yaliyopakwa shaba ndani huunganisha pande hizo.

Sasa twende kwenye shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, makao yake makuu hapahapa Brussels. Tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba mwaka 1911. Kampuni ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rodesia ya Kaskazini, na baadaye Rwanda na Burundi. Kila mtu alikuja na lugha yake, na kambini na kazini Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kwa hiyo wewe unayeambiwa na binamu wa Mombasa kwamba Kiswahili chako “si safi”, jua kwamba ile “njo” yetu ilikua kando ya tanuru.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wafanyakazi hao. Hakusimulia mengi, lakini Desemba 1941 aliitaja. Wafanyakazi wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai mshahara bora, wanajeshi wakawafyatulia risasi, makumi ya watu wakauawa. Shaba iliendelea kutoka. Ramani za migodi, hesabu na michoro ya mashine zilibaki mikononi mwa wazungu. Babu alijua kubeba na kuyeyusha. Kuchora hakufundishwa.

Hapo ndipo hobi yangu inapoanza kuwa na maana. Mimi nachora.

Ninachochora ni bodi za FPGA. Chipu ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa imeshaamuliwa kazi yake. FPGA ni chipu ambayo saketi yake ya ndani unaipanga wewe, leo saa, kesho kompyuta ya kizamani. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa XC2064 ya Xilinx, mwaka 1985, yenye vitalu 64 tu vya mantiki. Kwa miaka mingi ulilazimika kutumia programu ya kampuni iliyoitengeneza, na ndani yake huoni kitu. Mwaka 2015 Claire Wolf, mtaalamu wa Austria, na wenzake wa mradi wa IceStorm wakafumbua jinsi chipu za iCE40 za Lattice zinavyopangwa, na zikapatikana zana huru za kuzitumia.

Programu ya kuchorea nayo ipo bure: KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Na kila mwaka, majira ya baridi, watu wa programu huru hukutana FOSDEM, kampasi ya Solbosch ya ULB hapa mjini. Hulipi kiingilio. Ukiweza, nenda ukakae nyuma usikilize.

Utengenezaji pia umeshuka bei kwa ujanja wa kuchanga: michoro ya wateja wengi inapangwa kwenye bamba moja, kila mtu analipia kipande chake. Eurocircuits ya Mechelen, safari fupi ya treni kutoka hapa, hufanya hivyo, na viwanda vya China vinatoa bodi tano ndogo kwa euro chache. Bei hiyo ni ya tabaka mbili. Ukiongeza tabaka, unaongeza gharama.

Lakini tabaka mbili zina masharti. Kwanza chagua chipu yenye miguu inayoonekana. Ile ya HX1K yenye miguu 144 inalehemiwa kwa mkono ukiwa na subira, tofauti na zile zenye vitone chini ya tumbo. Pili, chipu hii inataka volti 1.2 kwa moyo wake na kwa kawaida 3.3 kwa miguu yake, na kila mguu wa umeme unahitaji kapasita ndogo jirani kabisa. Tatu, na hili ndilo kubwa: upande wa chini wote uache uwe ardhi.

Ardhi ndiyo njia ya umeme kurudi. Kila ishara inayokwenda juu, umeme wake hurudi chini, hasa ukifuata kivuli cha njia ileile. Ukiikata ardhi, umeme unazunguka mbali, na njiani unachafua ishara za jirani. Mimi niliikata. Nilipitisha njia moja ndefu upande wa chini kwa uvivu, na chipu ikawa inashindwa kusoma mpangilio wake kutoka kwenye kumbukumbu kila ninapoiwasha. Wiki tatu nilishuku programu. Kosa lilikuwa ardhi, ndiyo maana ya kile kisu.

Turudi kwa swali la Baba. Bodi ya sentimita 10 kwa 10, yenye shaba ya mikroni 35 kila upande, huanza na gramu 6 hivi za shaba. Tani ikiwa dola 10,000, hiyo ni kama senti 6. Shaba hujifunga kwenye mnyororo mrefu wa viwanda, huyeyushwa, huchanganywa. Kongo leo ni ya pili duniani kwa kuizalisha, na nyingi huondoka ikiwa mabamba tu, kabla haijawa bodi ya mtu yeyote. Senti 6 ndizo sehemu ya mgodi. Zinazobaki ni za anayechora, anayetengeneza na anayeuza.

Na bodi mbovu? Mabaki ya Union Minière ya Ubelgiji tangu 2001 yanaitwa Umicore, na kiwanda chao cha Hoboken, Antwerp, huyeyusha bodi za zamani kurudisha shaba na dhahabu. Ningeweza kuipeleka yangu kwenye sanduku la kuchakata, iishie hukohuko. Baba amekataa. Ameiweka sebuleni kwake, karibu na picha ya Babu.

Wiki ijayo ananifuata nikachore nyingine. Amesema ardhi safari hii ataikagua mwenyewe.