Kadi ya biashara yenye sura ya unamu

Kadi ya biashara yenye sura ya unamu ni kadi bapa iliyochapwa picha ya uso unaokwaruza, wenye mikunjo au wenye nyuzi, ili anayeitazama aone mkeka, gunia, ukuta wa chokaa au ngozi mahali ambapo kidole chake hakikuti ila karatasi laini. Unamu ni jinsi uso wa kitu unavyohisika mkononi. Sura ya unamu ni picha ya hisia hiyo. Hutengenezwa kwa programu za kuhariri picha, hasa Photoshop ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka 1990, na GIMP, ambayo hutolewa bure na ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Maelekezo mengi ya kazi hii huanzia kwenye kioo cha kompyuta: fungua faili, weka picha ya unamu, ongeza kichujio, ongeza kivuli, endelea mpaka ipendeze. Makala hii inashikilia mwendo wa kinyume. Kadi ya namna hii huamuliwa na mwanga, karatasi na mashine ya kuchapia, na mbunifu anayeanzia huko hujikuta anapunguza unamu kila hatua badala ya kuuongeza.

Tuanze na mwanga, kwa kuwa ndio unaolifanya jicho likubali. Mwaka 1988 mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran alieleza jambo ambalo msomaji anaweza kulijaribu mwenyewe: duara la kijivu lenye weupe upande wa juu na weusi upande wa chini huonekana kama kinundu, ligeuze juu chini, linakuwa kishimo. Karatasi haijabadilika. Ubongo huchukulia kwamba mwanga ni mmoja na unatoka juu, kama jua, kisha huusoma uvuli kuwa kimo. Hapa ndipo kadi nyingi zinapoharibika. Picha ya mkeka iliyomulikwa kutoka chini humfanya mtazamaji auone mwaa, yaani ukanda wa jani uliosukiwa mkeka, unaopita juu kana kwamba umezama. Picha hiyo ikiwekewa nembo iliyoinuliwa kwa kichujio chenye mwanga wa kushoto, ilhali mkeka una mwanga wa kulia, kunakuwa na majua mawili ndani ya kadi moja, na jicho huyakataa yote mawili hata kama mwenye jicho hawezi kusema kwa nini. Dawa yake iko kwenye upigaji picha kuliko kwenye kompyuta. Mkeka utandikwe karibu na dirisha asubuhi au alasiri, mwanga uupitie kwa ubavu, simu au kamera ishikwe juu yake ikitazama chini moja kwa moja, na taa ya kamera izimwe, maana taa hiyo imekaa jirani na lenzi na hufuta karibu kila kivuli. Halafu picha izungushwe mpaka mwanga wake utoke juu, upande wa kushoto kidogo, na pembe hiyohiyo ndiyo iingizwe kwenye kila kichujio cha kuinua herufi.

Vipimo ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Kadi iliyozoeleka Ulaya ina milimita 85 kwa 55. Ya Marekani ina takriban 89 kwa 51. Kwa pikseli 300 katika kila inchi, ile ya kwanza inahitaji pikseli 1004 kwa 650, na ikiongezewa milimita 3 za kukatwa kila upande inafika karibu 1075 kwa 720. Kwenye kioo faili hilo likikuzwa huonyesha kila uzi wa mkeka, na mbunifu hufurahi. Lakini mashine ya ofseti haichapi pikseli. Inachapa nukta za wino, na kwa mistari 150 kwa inchi, ambayo ni kipimo cha kawaida kwa karatasi nzuri, kila nukta ina nafasi ya takriban milimita 0.17. Sasa tuchukue mwaa wenye upana wa milimita 5. Mbunifu akiingiza sentimita 120 za mkeka ndani ya upana wa kadi, mwaa huo unabaki na milimita 0.35, yaani nukta mbili tu, na nukta mbili haziwezi kubeba upande wa mwanga, upande wa kivuli na mpaka kati yao. Kinachotoka ni ukungu wa rangi ya udongo. Akiingiza sentimita 30 tu, mwaa uleule unapata milimita 1.4, karibu nukta nane, na mfumo unasomeka vizuri. Kwa hiyo kipande kidogo cha mkeka kikionyeshwa kwa ukubwa kinaonekana mkeka zaidi kuliko mkeka mzima. Kuna hatari nyingine pia. Nukta za rangi nne hupangwa kwa pembe tofauti, kwa desturi nyuzi 45 kwa nyeusi, 75 kwa majenta, 15 kwa siani na 0 kwa njano, na mfumo wa kusuka wenye hatua inayokaribia hatua ya nukta hugongana na pembe hizo na kuzaa mawimbi ambayo hayakuwamo kwenye picha. Mawimbi hayo kwa kawaida hayaonekani kwenye kompyuta. Yanaonekana kadi 1,000 zikiwa tayari zimekatwa.

Ndani ya programu, kazi yenyewe ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Photoshop ilipata matabaka katika toleo la 3.0 la mwaka 1994, na tangu hapo unamu hukaa kwenye tabaka lake juu ya rangi ya kadi. Picha iondolewe rangi ibaki ya kijivu, kisha ipitishwe kwenye kichujio kinachofuta mabadiliko mapana ya mwanga na kuacha yale madogo, ili kona moja ya kadi isiwe na giza kuliko nyingine. Baada ya hapo wastani wake uwekwe karibu na 128, katikati ya 0 ya weusi na 255 ya weupe. Namba hiyo ina sababu. Tabaka likichanganywa kwa njia ya mwanga laini, kijivu cha katikati hakibadilishi kitu. Kilicho juu yake huangaza na kilicho chini yake hutia giza. Rangi ya kadi inabaki ileile na unamu unapanda na kushuka juu yake. Njia ya kuzidisha, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa inatoa matokeo ya nguvu mara moja, haiwezi kuangaza chochote: hutia giza tu, na kadi ya manjano huishia kuwa ya kahawia. Nguvu ya tabaka ishushwe mpaka unamu uonekane kwa anayeutafuta na usimsumbue anayetafuta jina. Mara nyingi hiyo ni kati ya asilimia 10 na 25.

Karatasi nayo ina kikomo chake cha kunywa. Rangi nne zikijumlishwa zinaweza kufika asilimia 400, lakini wachapaji wengi huomba jumla isizidi takriban 300 kwa karatasi isiyopakwa, kwa sababu wino uliozidi haukauki na hutia doa kadi iliyo juu yake. Mabonde yenye giza ya unamu ndiyo yanayovuka kikomo hicho kwanza. Herufi ndogo zina shida ya jinsi hiyo: jina jeupe la pointi 6 lililoachwa ndani ya unamu wa rangi nne hutegemea bamba nne zikutane bila kupishana hata kidogo, na zikipishana, tumbo la herufi “e” huziba. Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake, na yapangwe kwenye programu ya michoro ya mistari, kwa mfano Inkscape, picha ya unamu ikiletwa chini yake. Hapo ukingo wa herufi haugeuki ngazi za pikseli.

Wapo wanaosema kazi yote hii ni udanganyifu, na kwamba anayetaka unamu anunue karatasi yenye unamu. Hoja hii ina uzito, na mwenye fedha za karatasi hiyo aisikilize. Hata hivyo haitenganishi ukweli na uongo kwa usafi inaodai. Karatasi nyingi zenye mistari kama ya ungo wa watengenezaji wa kale hupata mistari hiyo leo kwa kupitishiwa rola mashinini. Nazo ni kumbukumbu ya kazi ambayo haikufanyika. Wengine husema mtindo umepita, wakitaja mwaka 2013 ambapo Apple iliondoa ngozi na vitambaa vya bandia kwenye iOS 7. Lakini kioo cha simu hakina uso mwingine wa kutoa zaidi ya kioo, ilhali kadi inashikwa, na unamu uliochapwa kwenye karatasi nene isiyong'aa, ya gramu 300 au 350, hukutana na ukavu wa karatasi yenyewe na kusaidiana nao. Ndiyo maana laminesheni ya kung'aa ni adui wa kadi hii. Mwanga wa chumba huteleza juu yake kama juu ya maji, na mtelezo huo humwambia mtazamaji kwamba uso ni bapa hata kama kila kivuli kimechorwa kwa usahihi. Pingamizi la tatu ni kwamba maduka mengi ya uchapaji sasa hutumia mashine za leza na hesabu za ofseti hazihusiki. Leza nayo hujenga rangi kwa nukta, hivyo kipimo cha mwaa ni kilekile. Kinachobadilika ni kwamba mtu anaweza kuchapa kadi moja kabla ya kuchapa mia.

Nafasi hiyo isipotee. Omba kadi moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, ipeleke kwenye mwanga wa taa ya kawaida, ishike mkono ukiwa umenyooka, usome namba ya simu. Ukilazimika kukodoa macho, rudi kwenye faili upunguze unamu, kisha uchape nyingine.