Upogoaji wa Sinapsi

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro akishavuna huingia shambani na mkasi, akakata matawi yaliyochoka na machipukizi yaliyozidi. Kazi hiyo ni kupogoa. Wengine husema kupogolea. Asiyejua kilimo akipita siku hiyo atadhani mibuni imehujumiwa. Mwenye shamba anajua kuwa nguvu ya mti sasa itakwenda kwenye matawi yatakayozaa. Wanasayansi wa ubongo waliazima neno la shambani kutaja jambo linalotukia ndani ya kichwa cha mtoto, nasi la kwetu tunalo tayari: upogoaji wa sinapsi.

Tuanze na neno la pili katika istilahi hiyo. Sinapsi ni mahali ambapo seli moja ya neva huipasha nyingine ujumbe. Jina lina asili ya Kigiriki na lilianza kutumika mwaka 1897 katika maandishi ya Mwingereza Charles Sherrington. Kuna anayeweza kupendekeza "kiungo", lakini kiungo kwetu ni mkono na mguu, na jikoni ni iliki na mdalasini. Tena seli hizo kwa kawaida hazikuungana hasa: kati yake pana mwanya mwembamba mno, ambao ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali. Sinapsi na ibaki sinapsi.

Aliyetuonyesha kwamba sinapsi hupungua mtoto akikua ni Peter Huttenlocher, daktari wa neva za watoto huko Chicago. Alichukua vipande vya ubongo wa watu waliofariki, kuanzia watoto wachanga hadi wazee, akazihesabu sinapsi kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1979 alitangaza matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia. Katika sehemu ya mbele ya ubongo aliyoichunguza, msongamano wa sinapsi ulifikia kilele kati ya mwaka mmoja na miwili, ukiwa umezidi wa mtu mzima kwa takriban asilimia 50. Kisha ulishuka taratibu hadi kwenye umri wa miaka 16 hivi. Kwa hiyo mtoto anayejifunza kusoma, kuhesabu na kubishana na wakubwa anafanya yote hayo huku sinapsi zake zikipungua.

Hapo ndipo istilahi inapopimwa. "Upunguzaji" ungetosha kueleza hesabu, ila haumwambii msomaji kwamba kinachobaki kinaimarika. Kupogoa kunabeba maana zote mbili, kuondoa na kustawisha. Kunatenganisha pia mambo mawili ambayo walimu wa saikolojia huyaona yakichanganywa kwenye karatasi za mitihani: kinachoondolewa ni miunganisho kati ya seli, si seli zenyewe. Tawi limekatwa, mti umesimama.

Pingamizi moja lina uzito. Kupogoa kunahitaji mpogoaji, na ndani ya fuvu hakuna mkulima. Jibu limetoka maabara. Mwaka 2007 Beth Stevens, Ben Barres na wenzao walionyesha kwa panya kwamba protini fulani za mfumo wa kinga zinahusika katika kuzitia alama sinapsi za kuondolewa. Mwaka 2012 Stevens na wenzake wakaonyesha mikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo, zikizimeza sinapsi, hasa zile zisizo na shughuli nyingi. Basi kibarua yupo. Anayemwelekeza ni matumizi: njia inayopitiwa mara kwa mara hubaki, iliyolala hukatwa.

David Hubel na Torsten Wiesel walikwisha kuliona hilo kwa paka, hata kabla ya Huttenlocher kuanza kuhesabu. Waliliziba jicho moja la mtoto wa paka katika wiki zake za mwanzo. Lilipofunguliwa lilikuwa zima, lakini seli za eneo la kuona zilikuwa karibu zote zimehamia upande wa jicho jingine. Paka mkubwa akizibwa vivyo hivyo hapati madhara hayo. Kazi yao iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho, ukungu ule wa lenzi ya jicho, hufanyiwa upasuaji mapema. Akicheleweshwa, jicho litasafishwa na bado hataona vizuri, maana tatizo limekwisha kuhamia kwenye ubongo.

Kutokana na visa kama hivi watu wakarukia methali ya samaki mkunje angali mbichi, wakahubiri kwamba asiyefundishwa kabla ya miaka mitatu amekwisha. Sikubaliani nao. Ubongo haupogolewi wote kwa siku moja. Mwaka 1997 Huttenlocher na mwenzake walionyesha kwamba eneo la kusikia hutangulia, na eneo la mbele, linalohusika na kupanga na kujizuia, huchelewa sana. Mwaka 2011 Zdravko Petanjek na wenzake waliona kwamba katika eneo hilo la mbele kazi huendelea hata baada ya miaka 20. Kijana wa kidato cha nne anayekurupuka bado yumo shambani. Na hata kazi hiyo ikiisha, uwezo wa ubongo kujibadilisha kwa kujifunza, ambao napenda kuuita unyumbufu wa ubongo, haukomi.

Neno upogoaji limeanza kutumika hata kwenye maradhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha jeni iitwayo C4 na hatari ya kupata skizofrenia, ugonjwa ambao mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima. Jeni hiyo hutengeneza mojawapo ya protini za kundi lile lile linalozitia sinapsi alama. Dhana inayopimwa ni kwamba kwa baadhi ya watu mkasi hupita kiasi; kwa Kiswahili tungesema sinapsi zimepogolewa mno.