Pasi na birika kwenye ekstensheni moja? Piga hesabu hii kwanza

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Plagi ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13.

Kupata nguvu (wati), zidisha volti kwa ampea: 230 × 13 = wati 2,990.

Birika lako limeandikwa wati 2,200? Gawanya kwa 230: linavuta kama ampea 9.6. Ukinzani wake ni volti gawanya kwa ampea: 230 ÷ 9.6 = omu 24 hivi.

Sasa ongeza pasi ya wati 1,000, inavuta ampea 4.3. Jumla 13.9. Umeshapitiliza!

Waya ukizidiwa unachemka, plastiki inayeyuka, nyumba inaweza kuungua. Chomoa kimoja. Na fyuzi ikikatika, usiunge kwa kipande cha waya.