Utakula Tarehe?

Siku nilipoleta nyumbani habari ya kuchaguliwa chuo, baba mdogo aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaniuliza mbele ya watu wote: "Historia? Sasa wewe ukimaliza utakula tarehe?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mie nami nikacheka, maana jibu sikuwa nalo. Yeye ndiye aliyeuza pikipiki yake ili nipate pesa ya kuanzia, kwa hiyo haki ya kuuliza alikuwa nayo.

Ndugu msomaji, kama una fomu ya chuo mfukoni, swali hili litakufikia na wewe.

Nilifika Mlimani nikiwa nimekariri miaka kibao. Wiki ya kwanza mwalimu akaandika ubaoni namba mbili tu: 75,000 na 300,000. Zote ni za waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Ya kwanza ni ya serikali ya Kijerumani. Ya pili ni kikomo cha juu cha makadirio ya G.C.K. Gwassa, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari hapo hapo Mlimani kuhusu vita hivyo. "Kwa nini hazifanani?" Mmoja wetu akasema Wazungu waongo. Mwalimu akatabasamu: "Hilo jibu la kijiweni. Jingine?"

Kimya. Basi akatueleza kwamba wengi hawakuuawa na risasi. Jeshi lilichoma mashamba na maghala ya chakula, kisha njaa ikamalizia kazi. Sasa mtoto aliyekufa na njaa kijijini mwaka 1907, nani alimwandika? Nani alitaka aandikwe? Siku ile ndipo nilipoanza kusoma historia. Zile tarehe za sekondari zilikuwa ni kama kukariri ratiba ya treni bila kusafiri.

Idara hiyo ilianza mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amefukuzwa Rhodesia. Walter Rodney wa Guyana naye alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Hao wanajulikana. Mie kilichonikamata ni kitu kidogo zaidi: mwaka 1968 wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. Vijana wa umri wetu, na madaftari yao, wakikaa mkekani kumsikiliza mzee. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana wa chuo hicho hicho, akatoa tamthilia ya Kinjeketile, iliyotokana na habari za Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Nyie mnaotaka kuandika riwaya, hebu tazameni jinsi miaka hiyo ilivyokaribiana.

Nami likizo ya mwaka wa pili nikapanda basi kwenda Songea kwa babu. Nikamrekodi kwa simu karibu saa nzima. Alisimulia mambo aliyoambiwa na bibi yake: mizizi waliyochimba porini, mbegu zilizoliwa kwa sababu hakuna aliyetarajia kufika msimu wa kupanda. Kwenye daftari niliandika mistari sita tu, uvivu, si nimesharekodi? Nikarudi mjini. Mdogo wangu akaazima simu, ikawa imejaa, akafuta sauti ya babu ili aweke mchezo wa mpira. Miezi mitatu baadaye babu akafariki. Mdogo wangu sikumpiga. Ningempiga kwa lipi, wakati nakala ya pili ilikuwa kazi yangu?

Haya, kuhusu ugali. Katika wenzangu yupo aliyeingia sheria, yupo anayetembeza watalii Bagamoyo. Mmoja yuko benki, anasema maombi ya mkopo huyasoma kama alivyosoma barua za maofisa wa kikoloni: kaandika nani, anataka nini, kaficha nini. Mwingine anauza mitumba na bado anasambaza barua za kazi. Mie nafundisha shule ya binafsi huko Mbagala, na mshahara ukichelewa naandika habari za magazeti. Utajiri sijauona, tusidanganyane.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Ni mji ambao mnamo 27 Februari 1906 watu zaidi ya 60 walinyongwa. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na ukoo wake hadi sasa unakidai kichwa chake, wakiamini kilipelekwa Ujerumani. Usiku ule baba mdogo akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Hivi sisi, watu wetu walikuwa wapi wakati ule? Babu yako si alikueleza?"

Nikalichukua daftari, nikamsomea ile mistari sita. Haikufika hata dakika moja.

"Basi? Imeishia hapo?"

"Imeishia hapo, baba."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema dada yake babu bado yupo Namtumbo, macho hayaoni lakini akili inafanya kazi, na kwamba nauli atatuma Ijumaa.

"Nenda na madaftari mawili," akasema.