Kuchomelea: Kuunga Bila Kuungua

Pikipiki yangu ililalia ubavu wa kushoto kwenye barabara ya Amani, kule juu ya Muheza, mvua ikiwa imetoka kunyesha na udongo mwekundu ukiteleza kama mlenda. Mimi niliinuka na goti lililochubuka. Boksi la pembeni ndilo lililopokea uzito wote. Uso wake ulisagwa na kokoto, na kona ya chini ikapata ufa wa urefu wa kidole, ulioanzia kwenye sikio la kufungia boksi kwenye chuma cha pikipiki.

Nyumbani nikafanya afanyavyo kila mtu: nikanunua supagluu. Ufa ukazibika vizuri, nikajisifu. Siku ya tatu nilipotia spana na kopo la oili, kona ikaachia, na gundi ikatoka nzima nzima kama gaga la kidonda kilichokauka, bila kuacha hata doa kwenye plastiki. Ndipo nikalipeleka boksi kwa fundi wa madumu na mabeseni. Akaligeuza, akachungulia tumboni mwake, akacheka.

"Hii haibandikwi, kaka. Hii inachomelewa."

Sentensi hiyo fupi ilinionyesha kosa langu. Gundi yangu haikuwa mbaya. Nilikuwa nimechagua kitenzi kisicho chake. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuunga vitu vilivyoachana, na kila kimoja kinaeleza kazi tofauti. Anayevichanganya hupoteza fedha kama nilivyopoteza mimi.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Waendesha bodaboda husema boksi, na neno hilo linatosha kwa lile la nyuma linalobeba chakula cha wateja. Kwa yale mawili yanayoning'inia ubavuni, huku na huku, kamusi zetu zina neno lililosahaulika: shogi. Shogi ni mfuko mpana wa ukili unaotandazwa juu ya mgongo wa punda, mdomo wake ukiwa katikati, hata ukawa na matumbo mawili yanayolingana uzito. Wafaransa nao walirithi kwa Kilatini jina la kapu la mkate, likahamia kwa kapu la punda, Waingereza wakaliazima, na leo linatajwa kwenye maduka ya pikipiki duniani kote. Kama kapu la mkate liliweza safari hiyo, shogi la punda litashindwaje? Hapa chini nikisema shogi, nakusudia boksi la plastiki la ubavuni mwa pikipiki.

Sasa vitenzi. Kubandika ni kushikiza kitu juu ya uso wa kingine kwa msaada wa kitu cha tatu. Vitu viwili vinabaki viwili, na gundi ni mgeni aliyekaa katikati. Lugha yenyewe imeshatahadharisha, kwa sababu bandika ina ndugu zake bandua na banduka, na kilichobandikwa siku zote kina njia ya kubanduka.

Kulehemu kumetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule unaozaa neno la nyama na neno la kidonda kufunga. Picha iliyomo ni ya mwili unaojiponya: nyama ya huku inakutana na nyama ya kule, na ngozi inafunga juu yake. Ni picha nzuri, lakini hapa nachukua kulehemu kuwa kazi ya fundi redio. Anayeyusha risasi ya kulehemu, na nyaya zenyewe haziyeyuki. Hapa pia kuna mgeni katikati, ingawa amekaa imara kuliko gundi.

Kuchomelea ni jambo jingine. Kingo zote mbili za ufa huyeyuka, zikaongezewa kijiti cha jinsi ileile, zikachanganyika zingali laini, kisha zikapoa zikiwa kitu kimoja. Mpaka haupo tena, na kisicho na mpaka hakina pa kubandukia. Tazama umbo la neno: choma, chomea, chomelea. Ni mwendo uleule wa shika, shikia, shikilia. Anayeshika anaweza kuachia, lakini anayeshikilia hakusudii kuachia. Kiambishi kilichorudiwa kimebeba maana ya tendo lililokazwa mpaka likakaa.

Wapo wanaolipinga neno hili kwa plastiki. Husema kuchomelea ni kwa vyuma, na kwamba plastiki ikichomwa huharibika, basi tuseme tu kuunganisha kwa joto. Hoja hiyo inasahau tunavyosema jikoni na tanurini. Tunachoma mahindi, tunachoma matofali, tunachoma vyungu. Katika yote hayo kuchoma ni kupeleka moto mpaka pale panapotakiwa. Moto ukipitiliza tuna neno jingine, kuunguza. Ustadi wote wa fundi wa plastiki umo kati ya vitenzi hivyo viwili. Masikio ya Mswahili yameongezewa mchezo mwingine: kati ya kuunga na kuungua kuna irabu moja tu, na mafundi wengi wameiongeza irabu hiyo kwa kukosa subira.

Kwa nini gundi yangu ilishindwa? Jibu lilikuwa limepigwa mhuri ndani ya shogi, herufi mbili katikati ya mishale: PP. Hiyo ni polipropilini, plastiki iliyotengenezwa mwaka 1954 na kundi la Giulio Natta huko Milano, na Natta alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963 pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni peke yake, kama nta. Hazina mkono wa kushikana na gundi. Dondoshea maji juu yake uone yanavyojiviringa kama juu ya jani la gimbi. Gundi ya kawaida nayo hukaa vivyo hivyo, ikikauka huku imesimama juu juu. Lakini plastiki hiyohiyo ikifika nyuzi 160 hivi za Selsiasi huyeyuka, na ikipoa hurudi kuwa ngumu.

Mashogi mengine ni ya ABS, plastiki iliyomo pia katika helmeti nyingi na katika matofali ya kuchezea ya Lego. Hii hulainika ikishapita nyuzi 100, na inashikamana na gundi bila ubishi. Ina tabia nyingine ya manufaa: asetoni huiyeyusha. Mafundi huchukua vipande vya ABS iliyokufa, wakavilowesha ndani ya asetoni mpaka viwe uji mzito, wakaupaka kwenye ufa. Uji ule hulainisha kingo, asetoni ikaruka hewani, ikabaki ABS juu ya ABS. Mpaka umefutika, lakini moto haukuwapo. Je, huko nako ni kuchomelea? Nadhani tusilinyooshe neno mpaka likakatika. Kiswahili hutumia kuyeyuka kwa siagi iliyo juani na kwa sukari iliyo ndani ya chai, yaani kwa joto na kwa kimiminika. Basi jina la jumla liwe kuunga kwa kuyeyusha, na kuchomelea kubaki ile njia ya moto. Kwa PP asetoni haifui dafu, hivyo njia ni moja tu.

Ndiyo maana swali la fundi hodari huja kabla ya kitenzi: plastiki gani hii? Mhuri ukiwapo, usome. Alama ya pembetatu yenye namba 5 ni polipropilini, 2 ni polithini nzito ya madumu na kreti za soda, na 7 ni kapu la zilizobaki, ABS ikiwamo. Mhuri ukikosekana, kwangua unyoya mdogo uutie ndani ya glasi ya maji. Polipropilini na polithini huelea, ABS huzama. Ukiuwasha unyoya huo nje penye hewa, polipropilini hunuka kama mshumaa uliozimwa, na ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi. Usiuvute moshi wowote kati ya hiyo.

Fundi wangu hakuwa na haja ya glasi. Alichukua kipande cha beseni bovu jeusi, akayeyusha tone moja, akalibandika tumboni mwa shogi palipofichika, akalisubiri lipoe. Kisha akaling'oa kwa ncha ya kisu. Likatoka. "Hawa si ndugu," akasema, akalitupa. Beseni la pili likakataa kung'oka, kisu kikateleza. Hilo ndilo alilolikata kuwa vijiti vyembamba kama miyaa ya kusukia ukili.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alitoboa tundu dogo la milimita 3 hivi mwisho kabisa wa ufa, ili ufa usiendelee kutembea, maana nguvu zote hukusanyika penye ncha kali na tundu la mviringo huzitawanya. Akachonga mfereji kufuata ufa kwa kipande cha msumeno, mdomo wake mpana na kitako chembamba. Akasafisha kwa spiriti. Kisha akashika chuma cha kulehemu cha umeme alichokipondaponda ncha ikawa bapa, mkono wa pili ukiwa na kijiti. Nikamwona hatazami chuma. Anatazama rangi. Plastiki ilikuwa na weusi uliofifia, ikaanza kung'aa kana kwamba imelowa, na papo hapo akakizamisha kijiti, akakikandamiza, akasogea mbele. Mahali pamoja alichelewa kidogo na uzi wa moshi ukapanda. Akasimama, akakwangua sehemu ile yote, akaanza upya. "Ikishaungua haishiki tena," alisema. Upande wa ndani aliongeza kipande cha wavu wa chujio la zamani, akakizamisha kwa joto mpaka kikamezwa, kama nondo ndani ya zege. Akaliacha lipoe lenyewe, bila maji.

Kisha nikamwonyesha uso uliosagwa, nikamwomba achomelee na huo. Akakataa, na hapo nikapata somo la pili la istilahi. Ufa ni kuachana. Mchubuko ni ngozi tu iliyotoka, na mwili haujagawanyika. Mchubuko hauchomelewi. Alinyoa manyoya ya plastiki yaliyosimama kwa wembe, akapitisha msasa mkali namba 120, kisha 240, kisha 400 wa maji. Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake yakwaruzayo yalilainisha mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Mwisho akapitisha hewa ya moto kwa mbali, kwa bloa aliyoazima kwa fundi simu wa jirani, na ule weupe ulioachwa na mikwaruzo ukarudi kuwa weusi, kwa kuwa rangi ya shogi imo ndani ya plastiki yenyewe. Vijishimo vya urembo vilivyokuwamo usoni havikurudi. Kuhusu kuziba mikwaruzo kwa pati ya magari alitikisa kichwa, kwani juu ya polipropilini pati nayo ni kubandika tu. Hata rangi haikai bila kutanguliwa na praima ya plastiki.

Kuna plastiki zisizokubali kuchomelewa kabisa. Bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907 na iliyojaa kwenye mikono ya sufuria za zamani, ni moja. Faiba ya mashua na ya maboksi mengine ya pikipiki ni nyingine. Hizi ni kama yai: likishachemka likaiva, hulirudishi kuwa ute hata ulirudishe motoni mara kumi. Polipropilini, polithini na ABS ni kama sukari guru, inayolainika na kuganda kila unapotaka. Vitabu huziita hizi za pili termoplastiki. Kwa karakana napendekeza plastiki yeyukaji, na zile za kwanza ziitwe plastiki ivaji, ili mwanafunzi wa ufundi asikie ndani ya jina lenyewe kama kifaa kilicho mbele yake kitakubali moto au la. Faiba iliyopasuka huongezewa kitambaa chake na utomvu wake vikaivia palepale, na kitenzi chake ni kutia kiraka.

Kwa hiyo fundi anayeandika risiti na mwalimu anayeandika kitabu wanaweza kukubaliana. Kubandika ni kushikiza kwa gundi, kingo zikibaki mbili. Kulehemu ni kuunga kwa madini yaliyoyeyushwa, vinavyoungwa vikibaki vigumu. Kuchomelea ni kuyeyusha kingo zenyewe pamoja na kijiti cha jinsi yake hadi mpaka upotee. Kuunguza ni kupita hapo.

Shogi langu limerudi ubavuni. Nje lina uso mlaini kuliko wa mwenzake wa kulia, na ndani lina tuta jembamba ambalo kidole hulipanda na kulishuka bila kukuta ufa. Shogi la punda likitoboka halishonwi kwa waya wala kamba ya duka. Hutafutwa miyaa, ikasukwa ukili, ukapachikwa palipochanika, na baada ya jua mbili tatu huwezi kuonyesha kiraka kilipoanzia. Fundi wangu alipotupa lile beseni la kwanza alikuwa anafuata kanuni hiyohiyo.