Msumbiji: Madaktari Walipoondoka

Tarehe 24 Julai, 1975, kabla hata mwezi mmoja haujatimia tangu Msumbiji ijipatie uhuru wake, Serikali ya FRELIMO ilitangaza kwamba matibabu yote yamewekwa chini ya umma, na kwamba hakuna tena daktari atakayeruhusiwa kuuza tiba kwa faida yake binafsi. Aliyetoa uamuzi huo, Rais Samora Machel, hakuwa mgeni wa wodi. Kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, na aliufahamu vema ubaguzi wa hospitali za mkoloni.

Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini gharama yake ilionekana upesi. Nchi iliyokuwa na madaktari wapatao 550, wengi wao Wareno wa mijini, ilijikuta imebakiwa na wasiofika 100. Ni kweli kwamba wengi walikwisha kufunga mizigo kabla ya amri hiyo. Amri iliwaondoa waliokuwa wakisitasita.

FRELIMO, hata hivyo, haikuanza mikono mitupu. Katika vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, chama hicho kiliendesha hospitali yake mjini Mtwara, iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida wa Angola, na majeruhi walivushwa mto Ruvuma kwenda kutibiwa huko. Wapiganaji walijifunza mapema kwamba kijana aliyefundishwa vizuri kuzuia damu huokoa maisha hata kama hana shahada. Fikra hiyo ndiyo iliyoongoza kazi baada ya uhuru. Kati ya mwaka 1976 na 1979 vikundi vya chanjo vilizunguka nchi nzima na kuwafikia zaidi ya watu tisa katika kila kumi. Mwaka 1978 mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijijini yakaanza.

Kisha ikaja vita nyingine. RENAMO, iliyoundwa na utawala wa walowezi wa Rhodesia na baadaye kulelewa na makaburu wa Afrika Kusini, ilivamia zahanati kama ilivyovamia madaraja. Dawa ziliporwa, wauguzi wakauawa au kutekwa. Barabara zilitegwa mabomu, hivyo mwanamke aliyeshindwa kujifungua wilayani, au askari mwenye risasi tumboni, hakuweza kupelekwa hospitali ya mkoa. Ama apasuliwe hapo alipo, ama afe.

Ndipo mwaka 1984 Serikali ilipochukua hatua ambayo wakuu wa udaktari katika nchi nyingi wangeikataa. Wauguzi na matabibu wenye uzoefu wa kazi walichaguliwa, wakafundishwa kwa miaka mitatu, miwili katika Hospitali Kuu ya Maputo na mmoja katika hospitali za mikoa, kisha wakakabidhiwa kisu cha upasuaji na kupelekwa wilayani.

Wenye mashaka walikuwa na haki ya kuuliza kama wagonjwa hawakuwa wakichezewa. Jibu lilitolewa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996. Wanawake zaidi ya 2,000 waliojifungua kwa kupasuliwa walilinganishwa, baadhi wakiwa wamepasuliwa na matabibu hao, wengine na madaktari bingwa. Hakukuwa na tofauti kubwa ya matokeo. Kufikia mwaka 2002 matabibu hao walikuwa wakifanya asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya. Tena walidumu kazini: miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya waliochunguzwa walikuwa bado wilayani, ambapo kati ya madaktari waliopangiwa wilaya hakubaki hata mmoja.

Kasoro kubwa ilikuwa katika namna walivyotendewa. Mageuzi ya uchumi ya mwaka 1987 yalipunguza thamani ya mishahara ya watumishi wote wa afya. Matibabu ya binafsi yaliporuhusiwa tena mwaka 1991, daktari alipata pa kuongezea kipato. Tabibu wa wilayani, aliyekuwa akiamshwa usiku kwa kazi ile ile, aliendelea kulipwa pungufu sana ya daktari, na cheo chake hakikutambuliwa nje ya mipaka ya nchi yake. Ilibidi wangoje hadi miaka ya 2000 ndipo kazi yao ilipoanza kufundishwa mjini Maputo kwa kiwango cha shahada.