Uzi: "Wabara waende kwao" ni ubaguzi au ni maneno tu?

Kila msimu wa siasa swali hili linarudi, na kila mara tunatukanana bila kulijibu. Ngoja nijaribu, maana juzi limenikuta uso kwa uso.

Nilikuwa uwanja wa ndege wa Moi, Changamwe, namsubiri shangazi yangu anayetoka Kisumu. Ndege imechelewa, nikakaa nje na madereva wa teksi. Wawili wakagombania abiria. Aliyeshindwa, kijana wa Likoni, akapiga kelele: "Nyinyi wabara rudini kwenu bwana, mtatumaliza!" Wote wakacheka, hata aliyeambiwa. Mimi pia nilicheka. (Baba yangu Mjaluo, mama Mdigo. Sijui ningerudi wapi.)

Tuanze na neno lenyewe. "Bara" halina ubaya wowote. Ni nchi kavu isiyo kisiwa, basi. Kwa mtu wa Mji wa Kale, ukivuka maji tu uko bara, kwa hiyo Likoni, Kisauni na Changamwe zote ni bara. Ule uwanja wa ndege wenyewe uko bara! Kijana wa Likoni kumwita mwenzake mbara ni kichekesho ukitazama ramani.

Sumu haiko kwenye "bara". Iko kwenye "kwao". Ukimwambia mtu aende kwao umeshaamua kwamba hapa si kwao, hata kama kazaliwa hapa.

Sasa historia. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi 4 kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri vilivamiwa, polisi wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Kabla na baada yake vilisambazwa vikaratasi vikiwaambia watu wa bara waondoke. Waliolengwa hasa ni Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wanaokadiriwa kufika 100,000 wakakimbia nyumba zao. Wengi walilala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni.

Wapo watakaosema: lakini hasira ya ardhi ni ya kweli. Kweli kabisa, na asiyetaka kuisikia hajakaa Pwani. Tangu sheria ya ardhi ya 1908, aliyeshindwa kudai shamba lake kwa maandishi alihesabiwa hana, na ardhi ikawa ya serikali ya kikoloni. Mijikenda wengi walikuwa na mashamba ya ukoo, hawakuwa na karatasi. Uhuru ukaja, mpaka leo kuna mzee anaitwa skwota kwenye kaburi la babu yake. Vijana waliobeba mapanga 1997 waliambiwa habari hiyo hiyo ya ardhi. Walioifaidi ni wengine, waliotaka kura fulani zipungue.

Ndiyo maana mimi natofautisha. "Pwani si Kenya" ni kauli kali, wengi inawaudhi, lakini anayeambiwa ni serikali. Kundi lililoitumia lilipigwa marufuku 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012. Unaweza kuipinga kwa hoja. "Wabara waende kwao" anaambiwa jirani, muuza mboga, dereva mwenzako. Yeye hakuandika sheria ya 1908. Hana cha kukujibu isipokuwa kufungasha.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 hakina orodha ya maneno. Kinauliza nia ya msemaji au, kwa kutazama mazingira yote, kama chuki ya kikabila ina uwezekano wa kuchochewa. Halafu 2022 tume yenyewe ikatoa orodha, na maneno haya yamo, pamoja na "madoadoa". Mimi orodha siziamini sana, watu hubuni neno jipya kesho yake asubuhi. Lakini hili sikushangaa kuliona.

Kwa hiyo ndiyo, inategemea mazingira. Ila mazingira si pale ulipo tu na unavyocheka. Ni pamoja na yaliyompata anayesikia. Na msemaji huwa hajui nani anasikia.

Shangazi akatoka. Yule yule kijana akampokea begi, kwa adabu zote. "Karibu Mombasa, mama. Ndiyo mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza tangu 1997," shangazi akasema. "Nilizalia watoto wawili Likoni."

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza Likoni sehemu gani. Shangazi akamtajia. Wakaongea mpaka Magongo, mimi nyuma na begi mapajani, sikutia neno.